Siku ya Mtakatifu Patrick: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Naishi Ireland, na kila Machi ikiingia simu yangu haipumui. Shangazi anataka kujua kama ni kweli huku watu wanakunywa bia ya kijani. Binamu anauliza kwa nini mwanangu kapigwa picha na ndevu za rangi ya chungwa. Nimeamua kuyajibu yote mahali pamoja. Mengine nimeyajibu kwa kifupi kwa sababu hayana mengi. Ya jani na ya nyoka nimeyakalia, maana huko ndiko utamu uliko.

Ni sikukuu ya nini hasa?

Tarehe 17 Machi ndiyo inayokumbukwa kuwa siku aliyofariki Patrick, askofu wa karne ya 5 aliyehubiri Ukristo Ireland na baadaye akawa mtakatifu msimamizi wa nchi. Kwa hiyo kwa asili ni sikukuu ya kanisani. Ilifanywa siku ya mapumziko kwa sheria mwaka 1903, wakati Ireland nzima ikitawaliwa na Uingereza, baada ya mbunge mmoja wa Kiairishi, James O'Mara, kuipeleka hoja hiyo bungeni London. Leo ni mapumziko katika Jamhuri ya Ireland na Ireland ya Kaskazini pia.

Patrick mwenyewe alikuwa Mwairishi?

Hapana, na hapa ndipo wengi wanaposhtuka. Alizaliwa Uingereza ya enzi za Warumi, katika familia ya watu wenye nafasi. Baba yake, Calpurnius, alikuwa shemasi. Babu yake alikuwa padre. Akiwa na miaka kama 16 maharamia kutoka Ireland walivamia kwao wakamteka pamoja na watu wengi, wakawavusha bahari na kuwauza utumwani. Kijana aliyekulia nyumba yenye watumishi akageuka mchungaji wa mifugo ya bwana wake kwa miaka 6.

Haya si masimulizi ya vizazi. Aliyaandika yeye mwenyewe kwa Kilatini, katika maandiko mawili yaliyotufikia. Moja ni ungamo lake, na humo anasimulia jinsi alivyokuwa akiamka kabla ya alfajiri kusali kwenye theluji, barafu na mvua. Alitoroka, akatembea safari ndefu hadi kwenye jahazi, akarudi kwao. Miaka ikapita, kisha akaota ndoto: mtu amemletea barua, na alipoanza kusoma akasikia sauti za watu wa Ireland zikimwomba arudi atembee tena kati yao. Akarudi kwa hiari yake kule alikouzwa.

Andiko la pili ni barua ya hasira. Askari wa kiongozi aitwaye Coroticus walikuwa wamewavamia Wakristo aliotoka kuwabatiza, wakaua baadhi na kuwachukua wengine utumwani huku mafuta ya krisma yangali yanang'aa kwenye paji za nyuso zao. Patrick anawalaani bila kupepesa macho. Mtu aliyekulia Bagamoyo au Unguja hahitaji kufafanuliwa barua hiyo inazungumzia nini.

Sasa kumbuka jambo moja tunapoendelea: katika maandiko yote mawili hamna jani, hamna nyoka, hamna kijani, hamna kijitu chenye chungu cha dhahabu.

Basi aliwafukuza nyoka au hakuwafukuza?

Hakukuwa na nyoka wa kufukuzwa. Enzi ya barafu Ireland ilikuwa baridi mno kwa kiumbe wa namna hiyo, na barafu ilipoyeyuka bahari ikaikata nchi kabla nyoka hawajavuka. Mjusi mdogo mmoja ndiye aliyefanikiwa kufika; huyo ndiye mtambaazi pekee wa asili wa nchi kavu huku. Mwandishi wa Kirumi Solinus alishaandika kwamba Ireland haina nyoka, naye aliishi karne ya 3, kabla Patrick hajazaliwa.

Hadithi inasema Patrick alifunga siku 40 juu ya mlima uitwao leo Croagh Patrick, magharibi mwa nchi, kisha akawasukumia nyoka wote baharini. Wengi hueleza kwamba nyoka ni fumbo la dini za kale. Labda. Mimi naona watu walikuwa na jambo la ajabu, nchi isiyo na nyoka, na walikuwa na mtakatifu, wakaviunganisha. Mlima wenyewe upo, una mita 764, na Jumapili ya mwisho ya Julai mahujaji huupanda kwa maelfu, wengine miguu mitupu juu ya mawe yanayoteleza.

Faida moja ya uhakika: huku unaingia kwenye nyasi ndefu gizani bila tochi. Mama yangu alipokuja kututembelea hakukubali hata siku moja.

Lile jani la shamroki ni jani gani?

Swali zuri, na wenyewe hawakubaliani. Neno lenyewe linatoka Kiairishi, *seamróg*, yaani klova changa. Klova ni majani ya malisho, na jamii zake ziko nyingi. Mwaka 1893 mtaalamu wa mimea wa Dublin, Nathaniel Colgan, aliwaomba watu wa sehemu mbalimbali za nchi wamtumie ile wanayoiita shamroki halisi. Akaipanda, akaingoja itoe maua ndipo aitambue. Zikatokea aina kadhaa, ila mbili ndizo zilizoongoza: klova ndogo yenye ua la manjano na klova nyeupe. Karibu miaka 100 baadaye, 1988, uchunguzi ukarudiwa, na hizohizo mbili zikaongoza tena. Kwa hiyo shamroki ni jani lolote kati ya hayo ambalo Mwairishi amelichuma Machi na kuapa kuwa ndilo lenyewe.

Hadithi inayojulikana ni kwamba Patrick alilitumia kufundisha Utatu Mtakatifu: majani matatu, kikonyo kimoja. Ni mfano mzuri, katekista yeyote angeupenda. Lakini haukuandikwa popote hadi miaka ya 1720, ulipotajwa katika kitabu cha mimea cha Caleb Threlkeld. Hiyo ni zaidi ya miaka 1,200 baada ya Patrick. Kuvaa jani ndiko kulikotangulia kuandikwa: Mwingereza Thomas Dineley alipita Ireland mwaka 1681 akaona watu wamevaa misalaba kofiani tarehe 17 Machi, na wale wa hali ya chini wamevaa shamroki.

Linavyovaliwa ni tofauti na picha za kadi. Si jani moja safi. Ni kifungu kizima, mara nyingine na mizizi na udongo kidogo, kinachobanwa kwa pini kwenye kola ya koti. Asubuhi kanisani kinapendeza. Kufika saa saba mchana kimelala kama mchicha uliosahauliwa juani, na mwenyewe bado anatembea nacho kifua mbele.

Tena kuna "kuizamisha shamroki". Jioni jani linatolewa kolani na kutumbukizwa kwenye glasi ya mwisho ya wiski, watu wanatakiana heri, glasi inamalizwa, kisha jani linachukuliwa na kurushwa nyuma juu ya bega la kushoto.

Na lile lenye majani manne?

Hilo ni la bahati, si la Patrick. Ukichora majani manne kwenye kadi ya sikukuu hii, Mwairishi atakurekebisha kwa upole wa mtu aliyekwisha kurekebisha wengi.

Kwa nini kila kitu ni kijani?

Kwa muda mrefu rangi iliyohusishwa na Patrick ilikuwa bluu. Mfalme George III alipoanzisha nishani ya Mtakatifu Patrick mwaka 1783, utepe wake ulikuwa wa bluu. Hata leo bendera ya Rais wa Ireland ni kinubi cha dhahabu juu ya bluu.

Kijani kilishinda kwa sababu ya siasa. Bendera ya kijani yenye kinubi ilishatumika na wapiganaji wa Kiairishi miaka ya 1640, na mwishoni mwa karne ya 18 chama cha Waairishi Walioungana kikaifanya rangi ya madai yao ya kujitawala. Uasi wao wa 1798 ulizimwa kwa damu. Baada ya hapo mtu akibandika kitambaa cha kijani kofiani alikuwa anasema jambo zito, na askari walilielewa. Siku hizi ni fulana za bei rahisi na nywele za bandia. Hivyo ndivyo alama zinavyozeeka.

Ile desturi ya kumfinya asiyevaa kijani ni ya Marekani. Usimjaribu mtu Dublin.

Leprikoni ni nani?

Ni kijitu cha hadithi za Kiairishi, ndugu wa mbali wa kibwengo wetu, ila huyu ni fundi viatu. Unamsikia kabla ya kumwona: kinyundo kinagonga ngozi nyuma ya kichaka. Ana dhahabu aliyoificha, na ukimshika lazima akuonyeshe ilipo, lakini ukipepesa jicho tu ameshapotea. Hana uhusiano wowote na Patrick. Waandishi wa karne ya 19 walimwelezea akiwa na koti jekundu. La kijani na zile ndevu za chungwa ni mavazi aliyovishwa baadaye, hasa na biashara ya kadi na filamu za Marekani. Waairishi wengi wanamwona kama sisi tunavyoona kinyago cha Mmasai dukani uwanja wa ndege. Ila mtoto wa miaka 6 huwezi kumweleza hayo, ndiyo maana wangu ana ndevu.

Kinubi kinaingiaje?

Kinubi ndicho nembo rasmi ya nchi, si shamroki. Kiko kwenye pasipoti, kwenye sarafu za yuro zinazotengenezwa Ireland na kwenye barua za serikali. Kilichoigwa ni kinubi cha kale kinachohifadhiwa Trinity College, Dublin. Kinaitwa kwa jina la mfalme Brian Boru aliyefariki 1014, ingawa chombo chenyewe kilitengenezwa karne kadhaa baada yake.

Kisa kinachonifurahisha ni hiki. Kampuni ya bia ya Guinness ilisajili kinubi kuwa alama yake ya biashara mwaka 1876. Nchi ilipojitawala mwaka 1922 na kutaka kinubi hichohicho, ikabidi serikali ikigeuze kitazame upande wa pili. Weka sarafu ya Ireland karibu na chupa ya Guinness utaona vinavyotazamana.

Utasikia ikisemwa kwamba ni nchi hii tu yenye ala ya muziki kwenye nembo. Waambie watazame nembo ya Uganda: ile ngoma iliyo sehemu ya chini ya ngao si pambo.

Gwaride lilianzia Dublin?

Hapana, lilianzia ugenini. La zamani zaidi linalojulikana lilifanyika St. Augustine, Florida, mwaka 1601, mahali palipokuwa koloni la Hispania na padre wake alikuwa Mwairishi. Ushahidi ulipatikana katika hesabu za matumizi ya baruti: mizinga ilipigwa kwa heshima ya Mtakatifu Patrick. Boston walianza kusherehekea 1737, na New York wakapiga gwaride 1762, wakiongozwa na Waairishi waliokuwa askari wa jeshi la Uingereza. Marekani yenyewe ilikuwa haijazaliwa.

Kisha ikaja njaa ya viazi, kuanzia 1845. Watu kama milioni moja walikufa na wengine wengi kama hao walipanda meli. Kule Marekani walidharauliwa, wakapewa kazi za sulubu, na gwaride likawa njia ya kusema: tupo, na tuko wengi. Ndiyo maana lilikua huko kuliko nyumbani. La New York hadi leo hufuata Fifth Avenue, na watu hutembea kwa miguu, hakuna malori yaliyopambwa.

Dublin ilichelewa sana. Tamasha kubwa unaloliona kwenye televisheni lilianza 1996, baada ya serikali kutambua kwamba wageni wanakuja kuona sherehe ambayo ilikuwa imenoga zaidi Amerika. Mimi hupenda zaidi magwaride ya miji midogo: trekta tatu zilizooshwa, timu ya watoto ya mpira wa Kiairishi, gari la zimamoto, wacheza ngoma wa Kibrazili wanaotetemeka kwa baridi, na mvua ya manyunyu inayonyesha kwa ubavu. Mwaka jana chama chetu cha Waafrika wa mji kilipita kati ya zimamoto na duka la mbwa. Kanga zililowa, vigelegele havikukatika.

Ni kweli mto mzima unageuzwa kijani?

Ni kweli, Chicago, tangu 1962. Wanaofanya kazi hiyo ni mafundi bomba wa chama chao cha wafanyakazi. Wazo lilizaliwa kazini: walikuwa wakitumia rangi kutafuta majengo yaliyokuwa yakimwaga uchafu mtoni. Mwaka ule wa kwanza walimwaga takribani kilo 45, mto ukabaki kijani wiki nzima. Sasa wanatumia chini ya nusu ya hapo, na rangi ni ya mimea.

Cha kushangaza ni kwamba unga wenyewe ni wa chungwa. Wanaume wanakaa kwenye boti wakiupepeta kwa chekeche za unga, zile za jikoni, huku boti ndogo ikizunguka nyuma kukoroga kwa injini. Maji yanakuwa mekundu kidogo, kisha ghafla, kijani cha kalamu ya kung'arisha maandishi. Wenyewe hufanya hivyo Jumamosi.

Wanakula nini?

Ukiuliza Marekani utaambiwa nyama ya ng'ombe ya chumvi na kabichi. (Si ile ya kopo, ni kipande kizima cha kidari kilichokaa kwenye maji ya chumvi na viungo.) Ukiuliza huku utaambiwa nyama ya nguruwe iliyotiwa chumvi, kabichi na viazi. Tofauti ilianzia New York: wahamiaji hawakuipata nyama yao kwa bei wanayoiweza, wakanunua kidari kwa wachinjaji Wayahudi waliokuwa majirani zao.

Ajabu ni kwamba bandari ya Cork ilikuwa maarufu karne ya 18 kwa kusafirisha nje mapipa ya nyama ya ng'ombe ya chumvi, kulisha meli na mashamba ya Karibi. Maskini waliokaa jirani na bandari hawakuionja.

Mimi hupenda mkate wao: unga, chumvi, bekingi soda na maziwa ya mtindi, bila hamira, unakatwa msalaba juu kabla ya kuingia kwenye oveni. Unaiva ndani ya saa moja, na ukiwa wa moto siagi inaulilia.

Ni sikukuu ya dini au ya ulevi?

Machi 17 huangukia Kwaresima kila mara, na Kanisa lilizoea kulegeza mfungo siku hiyo. Hapo ndipo nyama na glasi vilipopata mlango. Lakini si kwamba siku zote nchi imekuwa baa wazi. Sheria ya 1927 ilifunga baa siku hii, na hali ikabaki hivyo hadi miaka ya 1960 ilipoanza. Miongoni mwa mahali pachache pa kuponyea kiu Dublin palikuwa maonyesho ya mbwa ya Ballsbridge. Wazee husimulia jinsi mji ulivyojaa ghafla wapenda mbwa.

Na Kanisa halichezi na kalenda yake. Mwaka 2008 tarehe 17 ilianguka Jumatatu ya Juma Kuu, kwa hiyo misa ya Patrick ikafanywa siku chache kabla. Magwaride yalibaki palepale.

Nimesikia kuna kisiwa cha watu weusi kinachoisherehekea. Ni kweli?

Montserrat, katika Karibi. Waairishi wengi walifika huko karne ya 17, wengine wakiwa vibarua waliofungwa na mikataba, na baadhi yao wakaja kuwa wenye mashamba na watumwa. Tarehe 17 Machi 1768 watumwa walipanga kuasi, wakijua mabwana watakuwa wamelewa wakisherehekea Patrick. Siri ikavuja, na viongozi wakanyongwa. Leo wananchi wa Montserrat wana mapumziko siku hiyo, na wanayemkumbuka kwanza si askofu bali hao walionyongwa. Pasipoti yako ikigongwa mhuri uwanja wa ndege, mhuri una umbo la shamroki.

Nikirudi kwenye ile barua kwa Coroticus, sidhani Patrick angekuwa na shida ya kuchagua upande.

Afrika Mashariki tuna uhusiano gani naye?

Zaidi ya unavyofikiri. Shirika la kimisionari la Mtakatifu Patrick, wale wanaoitwa mapadre wa Kiltegan, lilianzishwa Ireland tarehe 17 Machi 1932, na watu wake wamefanya kazi miaka mingi Kenya, Turkana ikiwemo.

Na kuna Iten, mji wa Kenya. Shule ya wavulana ya St. Patrick's, juu ya bonde la Kerio, ilipokea mwaka 1976 bruda mmoja wa Kiairishi, Colm O'Connell, aliyekuja kufundisha jiografia. Hakuwa mkufunzi wa riadha. Akaanza kuwaangalia vijana wanavyokimbia, na kwenye shule hiyo wakapita Peter Rono, aliyeshinda dhahabu ya mita 1,500 kwenye Olimpiki ya Seoul 1988, na Wilson Kipketer. David Rudisha hakusoma hapo, lakini bruda huyohuyo ndiye aliyemfundisha mbio.

Nikialikwa, niseme nini na nivae nini?

Kitambaa cha kijani kinatosha. Kofia ya leprikoni waachie watalii na watoto. Ukitaka kuwafurahisha wenyeji sema *Lá Fhéile Pádraig sona duit*. Tamka "laa ele poodrig sona ditsh" na watakusamehe yaliyobaki. Wakiinua glasi wanasema *sláinte*, "slaancha", maana yake afya, kwa hiyo hata ukijibu "afya!" hujakosea. Kifupi cha jina la mtakatifu andika *Paddy*, kutoka *Pádraig*. Ukiandika *Patty* umemtaja mwanamke, na utakumbushwa.

Na beba mwavuli.